Nilipokuwa Mbuzi wa Watu wa Chui

Kartoni ya sabuni ikilowa ina harufu yake, si ya sabuni wala si ya karatasi. Juzi mvua ilivuja katika kibanda changu cha biashara, nikaanza kupasua makartoni niyaanike vipande vipande, na ile harufu ikanipanda puani, nikakaa chini. Sikulia. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wa rika letu wakisoma habari za utotoni wanangoja machozi, na mimi sina. Nilikaa tu na kipande mkononi, mama mmoja akaja kutaka chumvi, nikamwambia apite baadaye. Sasa naandika. Shule yangu haikufika mbali, na kuna mambo sikumbuki sawasawa. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Kadi zetu za masomo zilikatwa katika makartoni kama hayo. Parokia ilikuwa imepewa kompyuta na watu wa mbali, zikapangwa katika chumba nyuma ya kanisa, akina mama wa kwaya wakazishonea vitambaa vya kuzifunika vumbi. Zilikaa hapo kama wagonjwa waliofunikwa shuka. Umeme wa mji ulikuja ukipenda. Jenereta ilikuwa ya Padri, na mafuta yake yalikuwa ya misa na ya friji ya dawa. Basi kompyuta tulizijua kwanza kwa maneno, kama mtu anavyojua majina ya ndugu zake wa Ulaya ambao hajawaona. Mwalimu wetu, Mwalimu Kalala, alitoka Kasai, mbali upande mwingine wa nchi. Alikuwa kijana mwembamba, Kiswahili chake cha kujifunza, na alikuwa na shati moja la heshima ambalo lilikuwa daima limepigwa pasi. Alitufundisha namna ya kuiamuru mashine kazi. Alisema mashine haina akili, ina utii tu, ndiyo maana anayeiamuru lazima ajue maneno yake vizuri.

Maneno yenyewe yalikuwa ya Kifaransa, na kila neno lilikuwa na maana yake kwenye kadi nyingine. *Variable* ilikuwa chombo chenye jina, ambacho kilichomo kinaweza kubadilishwa. *Condition* ilikuwa sharti: ikiwa hivi, fanya hivi; isipokuwa hivyo, fanya vile. *Boucle* ilikuwa kazi inayorudiwa ileile mpaka jambo fulani litokee. Yalikuwapo mengine pia, nayajua bado, ingawa sijawahi kuiamuru mashine jambo lolote la maana maishani.

Mtihani ulipokaribia, tulikuwa tukirudia maneno kwa mchezo. Mwalimu aligawa darasa pande mbili, akachora mstari wa chaki katikati. Upande huu walishika kadi za maneno, upande ule kadi za maana, kila mmoja kadi yake kifuani. Akipiga makofi unatembea, bila kufungua kinywa, unasoma vifua vya wenzako mpaka umpate mwenzio. Ukimpata, mnasimama bega kwa bega. Mwalimu anapita akiuliza kila jozi: kwa nini mmesimama pamoja? Lazima mjibu kwa maneno yenu wenyewe, si kwa kusoma. Waliopatana vizuri walikaa pamoja kwenye mashine siku umeme ukija. Waliokosana walifagia.

Na alikuwa ametuambia wote, mbele ya wazazi, kwamba watakaoshinda mtihani ule watapokelewa katika shule ya ufundi ya mji bila maswali mengi. Papa, baba yangu, alikuwa mtu wa reli, mtu wa maneno machache. Siku hiyo alirudi nyumbani akamwambia mama: "Huyu atafanya kazi ndani ya biro, hatasimama kwenye jua." Mama akasema, "Ataolewa na mashine ya ordinateri. Mahari tutamuomba nani?" Lakini nilimsikia akimwambia jirani jambo hilohilo la biro, la ofisi, na kwa sauti ya juu kuliko ya Papa.

Mumba alikuwa katika darasa letu. Lazima nieleze utani, kwa sababu wengine siku hizi hawaujui. Upande wa mama sisi ni watu wa Mbuzi. Mumba na bibi yake ni watu wa Chui. Chui anakula mbuzi, basi tangu zamani koo hizi mbili ni watani: wanatukanana wanapokutana, wananyang'anyana vitu, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye makosa. Na hao hao wanaotukanana ndio wanaozikana. Kwetu mfiwa hachimbi kaburi la mtu wake. Mtani ndiye anayechimba, anayeosha, anayepika, na anayewachekesha watu ili kilio kisiwaue wengine.

Nilijua nusu ya kwanza tu. Nilijua kwamba Mumba anayo ruhusa ya kuniita mbuzi darasani, nami ninayo ya kumwambia kwamba chui wa kwao hana meno, anakula bukari, yaani ugali, na maji.

"Weye mbuzi, leo utafagia," alikuwa akinong'ona kabla ya makofi.

"Nitafagia na mukia wako."

Mwalimu alikuwa akituambia tunyamaze. Sidhani alielewa kwamba tulikuwa tunasalimiana.

Mama aliugua, nguvu zikampungua kidogo kidogo. Alianza kuchechemea, halafu akawa anakaa, halafu akawa analala. Sitaandika mengi juu ya hapo kwa kuwa sina mengi. Nakumbuka kikombe cha bati. Nakumbuka kwamba asubuhi moja nilizuiwa kuingia chumbani, na mtu akanipa mkate mzima, nikaula wote, nikashangaa kwamba hakuna aliyenikataza. Nilipoelewa, hakuna kilichovunjika ndani yangu. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hauna habari.

Watu wa Chui wakaja. Vijana wao walichimba kaburi, na ardhi ya makaburi yetu ni mawe. Wanawake wao wakashika jiko. Bibi wa Mumba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki, alichukua kitenge cha mama chenye maua ya njano, akajifunga, akaanza kuchechemea uani sawasawa na mama. Akaita kwa sauti ya mama: "Maji iko wapi? Hii nyumba watu wote wamekufa ao nimekufa miye tu?" Wanawake walicheka huku wanalia. Papa naye alicheka, nikamwona, halafu akaficha uso.

Leo najua Bibi alichokuwa akifanya. Alikuwa akiinua jiwe lililokuwa juu yetu, na labda lilinyanyuka kidogo kwa wengine. Mimi nilikuwa mtoto, nikaona jambo jingine. Niliona mwanamke amechukua kitenge cha mama, amechukua mwendo wake, amechukua sauti yake, na watu wote wamekubali. Nikafikiri: basi sisi ni vitu vyao sasa.

Kulikuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Mama aliwahi kunisimulia, tukichambua majani ya sombe, kwamba nyanya wa nyanya yake alitolewa kwa watu wengine kumaliza kesi ya damu. Hakuuzwa sokoni, alisema, alitolewa tu, akachukuliwa kwa mkono, akaenda kupika katika nyumba ya watu mpaka akazeeka. "Alikuwa analia?" niliuliza. Mama akasema hakuna aliyemwambia habari ya kulia. Alisema hivyo kama mtu anayesema bei ya chumvi. Sikusahau.

Kilio kilipokwisha, Mjomba alikaa na Papa juu ya mkeka. Huyu ni kaka mkubwa wa mama, alikuwa ameshuka kutoka Kirungu, juu kwenye milima ya Marungu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo neno lilikuwa lake. Sitaki wasomaji wamwone mtu mbaya. Alikuwa amelala chini siku zote za kilio, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mtu yeyote.

"Shemeji," Papa alisema, "ile masomo ya parokia imebakia kidogo tu. Amalize."

"Nakusikia, Shemeji. Lakini weye unaenda na treni, unalala Kabalo. Nani atamupikia? Nani atamusuka nywele? Mama yetu iko peke yake kule na baridi. Mutoto atakula vizuri, na shule iko."

"Shule iko, lakini mashine hapana."

"Mashine hapana," Mjomba alikubali. "Mashine haizike muntu."

Kwa desturi Papa hakuwa na haki ya kumpinga. Boti ya ziwani ya kwenda Moba, ambako watu hupandia Kirungu, ilikuwa inaondoka mchana huo. Nguo zangu zilikuwa tayari katika mfuko wa nailoni, mlangoni. Nilikuwa nimekaa karibu nao. Najua nilitaka kubaki, kwa sababu nilikuwa nimeingiza mkono mfukoni na kushika nguo zangu kana kwamba zingeondoka bila mimi. Lakini kutaka kwenyewe sikuwa nakusikia.

Ndipo Bibi wa Mumba alipokuja kutoka jikoni, akageuka, akakaa juu ya mfuko wangu na uzito wake wote.

"Ondoka juu ya mufuko, Mama," Mjomba alisema.

"Mufuko gani? Miye naona mbuzi na kamba yake. Nimekalia kamba."

"Tunachelewa boti."

"Enda. Nani amekushika? Miguu ya mbuzi iko mine, enda mbio."

Watu walianza kusogea kusikiliza. Mjomba akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Chukua kuku, Mama Chui, tumalize."

"Kuku ya Kirungu? Ile inatetemeka na baridi mupaka manyoya inaanguka? Nimupe nani, mugonjwa?"

"Kitenge basi."

"Kitenge iko mwilini yangu, hauoni? Watoto wangu wamechimba kaburi ndani ya mawe, mikono yao imetoka malengelenge. Kaburi ya muntu muzima. Munafikiri munazikwa bule?"

"Unataka nini?"

Akanishika kifundo cha mkono. "Nataka huyu. Atakaa kwangu mupaka amalize ile michezo yao ya makartoni. Akimaliza, njo uje na kamba mupya umufunge, umupandishe kwenye mawingu yenu."

Mjomba alimtazama, akamtazama Papa, akaanza kucheka polepole kama mtu anayekohoa. Hakuwa na la kufanya. Kumkatalia mtani mbele ya watu kwa hasira ni aibu, na kumwondoa kwa nguvu hakuna anayeweza, si kwa desturi, si kwa uzito. "Chui muizi weye," alisema. "Mbuzi mujinga weye," Bibi alijibu. Mjomba akaubeba mzigo wake peke yake, akashuka bandarini. Akasema atarudi masomo yakiisha.

Papa alikuwa ameinamisha kichwa. Nadhani alikuwa akitabasamu, lakini sina hakika.

Kila mtu pale uani alielewa kwamba nimeokolewa. Mimi nilielewa kwamba nimetolewa. Neno la "mupaka amalize" nililisikia, ila nililipanga kwa namna yangu: wakimaliza kunisomesha ndipo watanituma wanakotaka. Haikuniuma, na hili nalo lazima niliandike. Nilisimama, nikautoa mfuko chini ya Bibi wa Mumba alipoinuka, nikamfuata.

Nyumba yao ilikuwa upande wa pili wa barabara, hivyo Papa nilimwona kila alipokuwa mjini. Alikuwa akipita jioni, ananiuliza kama nimekula, nami nasema ndiyo, Papa. Nilikuwa nimekula kweli. Bibi wa Mumba alinipa samaki, mikebuka yenye mafuta, sehemu ya tumbo, na kama Mumba akinung'unika alimwambia, "Mbuzi analishwa kwanza, njo unamukula." Nilikula nikifikiri ndivyo. Niliamka kabla ya wote, nikachota maji, nikafagia, nikaosha masufuria yake mpaka yakang'aa. Hakuniagiza. Hakunikataza pia. Labda alidhani ni adabu ya kwetu, labda alipenda masufuria yang'ae. Sijui, na si haki nimwekee mawazo.

Na Mumba? Alikuwa mtoto kama mimi. Siku ya kwanza aliniambia, "Mbuzi, bebea chui mufuko," kama alivyokuwa akisema zamani, akingoja nimjibu kuhusu meno. Nikaubeba. Alishtuka kidogo. Siku iliyofuata alisema tena, nikaubeba tena. Mtu akipewa kitu hakatai. Tulikuwa tukienda parokia hivyo, yeye mbele mikono mitupu, mimi nyuma na mifuko miwili, na watoto wa njiani wanacheka, nami nikiona ni sawa wacheke.

Mwalimu Kalala alifurahi niliporudi. Hakusema maneno ya pole mbele ya wengine, alinipa tu kadi ambayo haijakunjika pembe. Tulikuwa tumekaribia mtihani na mchezo ulikuwa wa kila siku. Ajabu ni kwamba maneno nilikuwa nayo yote. Kichwa kilikuwa kama chumba kilichohamwa, hakuna kitu ndani, kwa hiyo maneno yalikaa popote yalipotaka. Kadi ikinijia niliijua kabla Mwalimu hajamaliza kugawa.

Siku ninayoifikiria mvua ilikuwa imenyesha na kadi zilikuwa zimelowa, chumba kizima kinanuka kartoni. Nilipewa kadi ya maana: kazi inayorudiwa ileile mpaka jambo fulani litokee. Makofi yakapigwa. Nilimwona mwenzangu mara moja, msichana mmoja karibu na dirisha, *boucle* kifuani, ananitazama, ananingoja. Nikaanza kwenda. Mumba alikuwa katikati ya njia na kadi yake ya *variable*. Akanifanyia ishara kwa kidevu: simama hapa. Nafikiri alikuwa anacheza. Nafikiri alitaka nipite nikimsukuma, kama ningefanya zamani. Nikasimama kando yake, bega kwa bega.

"Enda," alinong'ona. "Si yako hii."

Sikwenda. Aliyenisimamisha alikuwa yeye, na nilidhani sasa ananijaribu.

Mwalimu alipita jozi kwa jozi mpaka akafika kwetu. Alisoma kadi ya Mumba, akasoma yangu, akarudia.

"Kadi hizi zinapatana?"

"Hapana, Mwalimu," nilisema.

"Unajua yako ni ya nani?"

"Ya yule kule."

"Kwa nini basi umesimama hapa?"

Ndilo lilikuwa swali la mchezo, alituuliza wote kila siku, na sheria ilikuwa kujibu kwa maneno yako mwenyewe. Nikamjibu.

"Miye ni wa kwao, Mwalimu. Walinichukua kwa ajili ya kaburi ya mama."

Watoto wa koo zetu walicheka, wale waliojua. Wengine hawakucheka. Mumba alicheka mwanzo, halafu akanitazama usoni, akaacha. Mwalimu alizichukua kadi zetu mbili mikononi mwetu polepole, akasema darasa limekwisha.

Jioni ileile alikuja kwa Papa akiwa na lile shati lake. Papa alimpa kiti, akamweleza: ni utani, Mwalimu, ni desturi yetu, mutoto hana tatizo. Mwalimu alisikiliza, kisha akasema, "Papa, mtu mzima anasema utani. Mtoto anasema ametolewa." Papa akainuka. Halafu akachukua kofia yake, wakavuka barabara wote wawili.

Bibi wa Mumba alikuwa akipepeta ndagala, samaki wadogo wa kukausha, mlangoni. Alipowaona alianza kazi yake. "Papa wa mbuzi, umeleta na mulinzi? Huyu mwembamba nitamukula na mifupa." Mwalimu hakucheka. Hakuwa mtani wa mtu pale, hakujua acheke wapi. Alisema kwa adabu, kwa Kiswahili chake cha kujifunza: "Mama, mtoto wa watu hawi malipo ya kaburi. Ikibidi nitamwambia Padri." Alisema kwa sauti ya darasani, majirani wakasikia. Kwa upande wake alikuwa anafanya lililo sawa. Hata leo nikimfikiria naona alikuwa mtu pekee aliyeuliza.

Bibi aliacha kupepeta. Aliniita, nikatoka na sufuria mkononi.

"Weye. Ulifikiri nilikutwaa kweli?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ile chakula ulikula, ulikuwa unakula ukifikiri vile?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na maji? Na masufuria?"

Niliitazama sufuria mkononi. Nilidhani yamekosa kung'aa.

Aliuweka ungo chini. Nilikuwa nimezoea uso wake wa kelele. Huu mwingine sikuwa nimewahi kuuona, ulikuwa uso wa mwanamke mzee tu, mwenye jasho. Papa akaanza: "Mama, ni mutoto, hakuelewa."

"Njo maana, Papa," alisema. "Hakuelewa." Akamgeukia mjukuu wake. "Mumba, mupe mufuko yake."

"Mama, haina haja," Papa alisema. "Ni kwako anabaki. Mjomba yake alikubali."

"Alikubali muchezo. Mutoto mwenyewe akiona kamba, kamba iko. Miye sifunge muntu."

Mwalimu alianza kuelewa pale, nadhani, kwamba bila dai la Bibi nitarudishwa kwa Mjomba. Niliona anamtazama Papa, anatazama mfuko. Kesho yake alirudi peke yake kumwomba Bibi aendelee kunidai, angalau mpaka mtihani. Nilikuwa uani kwetu, niliwasikia ng'ambo. Alimwomba vizuri, aliomba na radhi. Alisema: "Mama, chukua kama mchezo." Bibi akamjibu bila ukali, "Utani haubembelezwi, Mwalimu. Ukibembelezwa ni kitu ingine."

Maneno yalikuwa yamekwenda mbali zaidi ya barabara yetu. Watu walisema watu wa Chui wameshika mtoto yatima kwa sababu ya kaburi. Waliosema walijua si kweli, lakini lilikuwa neno tamu. Bibi mwenyewe ndiye aliyetuma habari Kirungu, kwa mtu wa boti, kwamba mwenye mtoto aje amchukue. Papa alimpigia Mjomba simu kutoka gare ya treni, akaomba siku chache, Mwalimu naye akaomba kwenye simu hiyohiyo. Mjomba aliwasikiliza. Alisema alikuwa amekubali kushindwa na mtani, hapo hapakuwa na aibu, lakini mtoto wa dada yake kuonekana kama rehani, hilo hawezi kukaa nalo hata asubuhi moja. Na kwa hilo pia siwezi kumlaumu. Nikilipindua kila upande naona kila mmoja alifanya alichopaswa kufanya, mimi nikiwemo, na bado mtihani ulifanyika nikiwa Kirungu. Mwaka wa shule ya ufundi ulianza nikiwa kule nalima maharagwe na nyanya yangu, aliyekuwa mpole, na ambaye kweli alikuwa peke yake na baridi. Mumba alishinda. Yule msichana wa dirishani pia.

Siku ya boti, Mjomba aliporudi kunichukua, Papa alitusindikiza bandarini. Kulikuwa na magunia ya mihogo, mbuzi wamefungwa, watu wanagombania mahali pa kukaa. Mjomba alikuwa ameshika mkono wangu, na nilipomwona Bibi wa Mumba anashuka kutoka barabarani, nilihisi mkono wake unalegea, kama mtu anayejiweka tayari. Alikuwa ameanza kutabasamu. Nafikiri alikuwa na tusi lake mdomoni, la meno au la madoa, na nafikiri alikuwa analihitaji. Mimi nami nilikuwa nangoja. Nilikuwa nimeshaelewa nusu ya pili ya utani, Papa alikuwa amenieleza kwa utulivu, zaidi ya mara moja, na nilikuwa nimeandaa jambo la kumwambia kuhusu chui anayeogopa walimu.

Alikuwa amevaa nguo zake za misa. Mumba alikuwa nyuma yake, mikono mgongoni. Alimpa Mjomba kifurushi cha ndagala kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, kama unavyowapa wageni.

"Papa, mufike salama," alimwambia Mjomba kwa heshima. "Mutusalimie wazee wote wa Kirungu."

Kisha akanigeukia mimi, akaniita kwa jina langu la ubatizo, jina zima, na sikujua kwamba alikuwa analijua.

"Usome vizuri, mama. Mungu akulinde."

Mjomba alifunga kinywa. Akasema asante, Mama, na yeye kwa adabu hiyohiyo. Wazee husema utani hauishi, unakaa hata watu wakifa, na labda ni kweli, labda ulikuwa umelala tu siku ile. Tulisimama kidogo tukitazamana. Mtu wa boti akaita, tukapanda, na hakuna aliyemtukana mwenzake.